Sange, Kiboko na Mgongo wa Ukurasa

Paukwa, mlio mlangoni.

Pakawa, tulio jikoni.

Niilete ngano na mkia wake, au niukate?

Ilete na mkia, tutaushika.

Basi ushikeni vizuri, usije ukaponyoka.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana sola zilikuwa zimeshafika, palikuwa na bonde liitwalo Mlalakuvi. Katikati ya bonde palipita mto, na ukingoni mwa mto alikaa Sange. Sange ni mnyama mdogo, kimo chake hakimpiti panya, ila pua yake ni ndefu, tena haitulii. Ukimwamkia, pua ndiyo inayoitikia kwanza.

Sange alikuwa msusi wa mikeka. Alikuwa pia na watoto pacha, Kokwa na Ganda. Shimo lake lilikuwa karibu mno na maji. Masika yaliyopita mto uliingia ndani mpaka kitandani. Sange akakaa siku tatu juu ya gogo, Kokwa kwapa hili, Ganda kwapa hili, akawa anaimba ili watoto wasijue kwamba mama anaogopa. Na sasa masika mengine yalikuwa yanakuja. Mawingu yalishaanza kufanya vikao upande wa kusini.

Pale bondeni palikuwa na kichuguu kimoja kirefu, kikavu, kisicho na mwenyewe. Mchwa walikwisha kuhama. Ndani kilikuwa na vyumba vitano, na mlango wake ulitazama jua. Kila alipopita hapo Sange alikigonga kwa mguu, puk puk. Akausikia ukavu wake, akapita.

Kiboko naye alikitaka. Kiboko alikuwa na vichuguu vitatu tayari. Cha kwanza alijikunia mgongo. Cha pili alijikunia tumbo. Cha tatu alikuwa bado hajui atajikunia nini, lakini alikuwa analifikiria jambo hilo.

Mwenyekiti wa bonde alikuwa Mbuni, mama mwenye shingo ndefu na mikutano mirefu. Siku moja akawaita wanyama wote.

"Ndugu zangu," alisema Mbuni, "maboga yetu yanaoza. Wenzetu wa ng'ambo ya vilima hawaji kwenye gulio. Hawajui siku, wala hawajui pa kuvukia. Juzi Swala wawili walikuja Jumanne, na gulio ni Alhamisi. Wakavukia penye kina, wakarudi kwao na maji masikioni."

"Pole yao," walisema wanyama.

"Pole haiuzi boga. Tunataka ukurasa wa mtandao. Useme mambo matatu: siku ya gulio, mahali pa kuvukia, na kinachouzwa. Mwenye ukurasa bora atapewa kile kichuguu kikavu."

Pua ya Sange ikasimama wima. Masikio ya Kiboko yakazunguka, vrr vrr.

"Na ulio bora tutaujuaje, mama mwenyekiti?" aliuliza Kiboko.

"Ni ule utakaofunguka kwa Nguchiro."

Wanyama wakaguna. Nguchiro alikaa nyuma kabisa ya vilima, mahali ambapo mtandao ni mwembamba kama uzi wa kudarizi. Simu yake ilikuwa na kioo chenye ufa, imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Lakini upande ule wote simu ilikuwa hiyo moja, na Nguchiro ndiye aliyewasomea majirani. Kisichofunguka kwa Nguchiro hakikufunguka kwa yeyote.

Sasa, sikilizeni. Kompyuta pale bondeni ilikuwa moja, nayo ilikuwa bandani kwa Kiboko, kwa sababu sola ilikuwa yake. Ila sheria ya Mlalakuvi ilisema jua ni la wote. Mchana, wakati Kiboko amezama mtoni, mnyama yeyote aliruhusiwa kuitumia. Jioni, Kiboko akitoka majini, kompyuta ilikuwa yake.

Na njia za kutengeneza ukurasa zilikuwa mbili.

Njia ya kwanza ni ya kuburuta. Unashika picha kwa kile kidude wanachokiita kipanya, unaiburuta, unaiachia mahali unapopataka. Buru buru buru, puu. Umemaliza. Yanayoandikwa nyuma ya ukurasa huyaoni. Programu inayaandika yenyewe, mengi kama makapi ya mtama, na wewe unaona uso tu.

Njia ya pili ni ya kuandika kwa mkono. Unaiamuru kompyuta kwa maneno: hapa anza kichwa, hapa funga kichwa, hapa anza aya, hapa funga aya. Kila unachokifungua lazima ukifunge, kama mlango wa zizi la mbuzi. Ukisahau kimoja, mbuzi wote wako barabarani. Inachosha. Inaumiza vidole. Lakini kila kilichomo ndani umekiweka wewe, na unakijua.

Kiboko alichagua kuburuta. Sange alichagua kuandika. Si kwamba alikuwa na akili kuliko wengine. Alikuwa msusi tu, na wasusi wana tabia yao. Pale Mlalakuvi hakuna mama aliyenunua mkeka bila kuugeuza. Mbele mkeka wote ni mzuri. Ni nyuma ndipo unapoona kama kili, zile tepe zilizosukwa, zimeungwa au zimedanganywa. Basi siku Sange alipoona ukurasa wa mtandao kwa mara ya kwanza, wenzake walisema, "Tazama rangi." Yeye aliuliza, "Nyuma yake kukoje?" Akabofya hapa, akabofya pale, mpaka nyuma ikafunguka. Tangu siku hiyo akawa anajifunza, kidogo kidogo, pacha wakiwa wamelala.

Siku ya kwanza ya kazi, Sange alikaa bandani mchana kutwa. Tik, tik, tik. Aliimba polepole, Kokwa paja hili, Ganda paja hili:

Ukili kwa ukili, mkeka,
herufi kwa herufi, ukurasa,
lala mwanangu, tik,
mama anafunga zizi.

Jioni Kiboko akatoka majini, chwaa, maji yakimchuruzika.

"Shikamoo, mzee," alisema Sange.

"Marahaba, mama pacha. Umefika wapi?"

"Nimefika kwenye kichwa."

"Kichwa tu? Haya, pisha."

Kiboko akakaa. Buru buru buru, puu. Akaweka picha yake. Ilikuwa ndogo, akaivuta. Bado ndogo, akaivuta tena, mpaka tumbo likagusa kando zote mbili za kioo.

Siku ya pili, tik, tik, tik. Jioni, chwaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama pacha. Umefika wapi?"

"Nimefika kwenye siku ya gulio."

"Siku tu? Mimi leo naweka maua yanayoanguka. Pisha."

Buru buru buru, puu. Akaweka maua yanayoanguka, na mawingu yanayotembea, na picha zake nyingine sita: akipiga miayo, akila, akila tena, akitazama mbali kama mtu mwenye mawazo.

Siku ya tatu, tik, tik, tik. Jioni, chwaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama pacha. Usiniambie bado uko hapo."

"Nimefika pa kuvukia mto. Bado boga."

Kiboko akacheka mpaka tope likamdondoka. "Dada pua ndefu, utazeeka kwenye kiti hicho. Mimi leo naweka muziki, kisha nakwenda kulala. Buruta, achia, lala. Maisha ni mafupi."

"Ni kweli, mzee," alisema Sange kwa sauti ndogo. "Na siku ya gulio umeiweka wapi? Sijaiona."

Kiboko akautazama ukurasa wake. Akautazama tena.

"Ipo," alisema. "Iko chini ya tumbo."

Kesho yake Sange akamaliza boga, na Mbuni akasema kurasa zijaribiwe kwanza, kabla ya mkutano wa kuamua. Asubuhi iliyofuata wakampigia simu Nguchiro. Wanyama wakatega masikio, sauti ya Nguchiro ikasikika nyembamba kutoka huko vilimani.

"Naanza na wa Mzee Kiboko," alisema Nguchiro. "Nimebofya. Kuna kiduara kinazunguka."

Zungu zungu zungu.

"Ngojeni, nainjika maharage."

Zungu zungu zungu.

"Maharage yanachemka. Kiduara bado kinazunguka."

Zungu zungu zungu.

"Maharage yameiva. Simu imekuwa ya moto kuliko chungu. Ah, sasa naona kitu. Naona kama sikio."

"Ni sikio langu," alisema Kiboko. "Endelea kungoja, linalofuata ni zuri."

"Mzee wangu, nina watoto wanataka kula. Nafungua wa mama pacha." Kabla hajamaliza kusema mama pacha, simu ikasema fyu. "Umefunguka. Gulio ni Alhamisi. Vukeni penye mawe meupe, chini ya daraja lililovunjika. Yanauzwa maboga, asali na mikeka. Kuna picha ya boga moja, dogo. Boga lenyewe linachekesha, limepinda."

"Ndivyo lilivyo," alisema Sange. "Nimechora lililokuwepo."

Wanyama wakacheka. Kiboko hakucheka. Masikio yake yalizunguka, vrr vrr, na Sange aliyaona. Akajua kuna jambo linapikwa kichwani mle.

Mkutano wa kuamua ulipangwa kesho yake asubuhi. Mchana wa siku ileile ya majaribio Kiboko hakuingia mtoni. Ngozi ilimkauka, ikamwasha, lakini alikuja akasimama mlangoni mwa banda.

"Mama pacha," alisema, na sauti yake ilikuwa laini kama uji. "Kazi yako ni nzuri. Wewe ni mnyonge, sasa mimi nakuogopea. Je, mwizi akija? Jina lako liko wapi humo, ili tujue ni wako?"

Pua ya Sange ikatikisika. Akainamisha kichwa, akachora chora ardhini kwa kidole, kama afanyavyo mtu mwenye haya.

"Nakuambia wewe tu, mzee, kwa kuwa wewe ni kama baba. Jina langu liko pale chini kabisa, kwenye mstari wa mwisho. Limeandikwa: Umesukwa na Sange. Pale tu. Sehemu nyingine sikuweka, nilichoka. Mtu akifuta pale chini akaandika lake, basi nimekwisha. Tafadhali, usimwambie yeyote."

"Mimi?" alisema Kiboko. "Mimi ni kaburi."

Akaondoka anajikuna. Sange akabaki. Akawalaza Kokwa na Ganda kwenye mkeka, akarudi kwenye kibodi.

Hapa lazima niwaambie jambo moja, la sivyo hamtaona utamu. Anayeandika ukurasa kwa mkono anaweza kuandika nyuma maneno ambayo mbele hayaonekani hata kidogo. Unayazungushia alama zake, kama kuzungusha ua, na kompyuta inayaruka. Waandishi huyatumia kujikumbusha: hapa nimechoka, hapa parekebishwe kesho. Ukiutazama ukurasa usoni, hayapo. Ukiugeuza, yapo.

Sange akaandika nyuma ya ukurasa mistari miwili. Tik, tik, tik. Akafunga zizi. Akawabeba watoto wake, akaenda nyumbani.

Aliandika nini?

Tuambie.

Ngojeni. Mkia haujafika.

Jua lilipopoa, Kiboko akaingia bandani. Akaufungua ukurasa wa Sange ndani ya programu yake ya kuburuta. Uso ukajitokeza: kichwa, siku, pa kuvukia, boga lililopinda. Akashuka mpaka chini kabisa. Kweli, palikuwa na jina. Akalifuta. Akaandika: Umetengenezwa na Mzee Kiboko. Mkono ukamwasha, akatamani kuweka picha yake moja tu, ndogo, ya sikio. Akakumbuka maharage ya Nguchiro, akajizuia. Akauhifadhi kando kama wake, kisha akaufuta ule wa Sange wa mwanzo, usibaki hata unyoya.

"Buruta, achia, lala," alisema, akaenda zake majini kwa furaha.

Asubuhi wanyama wote wakakusanyika mbele ya banda. Mawingu yalikuwa yameshuka chini, na tone la kwanza la mvua lilimwangukia Mbuni kwenye mdomo. Kompyuta ikatolewa nje, ikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Sange alisimama nyuma ya wote, Kokwa kwapa hili, Ganda kwapa hili. Alikuwa amekitazama kichuguu alipopita, lakini leo hakukigonga.

"Ukurasa wa Sange uko wapi?" aliuliza Mbuni.

Wakatafuta. Haupo.

"Umepotea, mama mwenyekiti," alisema Sange.

"Pole sana," alisema Kiboko. "Vitu vya mkono hupotea. Lakini bonde halitakosa ukurasa. Mimi niliukataa ule wangu wa mwanzo, nikatengeneza mwingine. Nimekesha. Tazameni."

Wakautazama. Gulio ni Alhamisi. Vukeni penye mawe meupe. Boga limepinda.

Wanyama wakatazamana. Mmoja akakohoa.

"Mzee Kiboko," alisema Mbuni, na shingo yake ikashuka taratibu mpaka macho yake yakawa sawa na ya Kiboko. "Boga hili nalifahamu."

"Maboga hufanana."

"Yaliyopinda pia?"

"Hayo ndiyo hufanana zaidi. Jina lililoandikwa hapo chini ni la nani? Someni. Ni langu."

"Basi utaapa," alisema Mbuni. "Ndiyo desturi. Mwenye kazi huapa mbele ya bonde."

Kiboko akapanda juu ya jiwe, akavimbisha kifua. "Naapa kwamba kila neno lililomo kwenye ukurasa huu ni langu, na nitalisimamia kwa miguu yangu minne."

"Kila neno la mbele, mzee?" Sauti ya Sange ilitoka nyuma, ndogo, yenye haya. "Na la nyuma je?"

Kiboko akacheka. Alicheka mpaka mamba upande wa pili wakageuka kumtazama. "Msikieni msusi wa mikeka. Anadhani ukurasa una mgongo. Haya, mama pacha, ili ufurahi: na la nyuma pia. Naapa kwa la mbele na la nyuma. Yote yangu."

"Tumesikia?" aliuliza Mbuni.

"Tumesikia," walisema wanyama.

Sange akasogea mbele. Wanyama wakampisha. "Mama mwenyekiti, samahani. Hapa kwetu mkeka hununuliwa vipi?"

"Hugeuzwa," alisema Mbuni. "Nilipoolewa, mama mkwe aliugeuza wangu mara tatu, na mara ya nne akaunusa."

"Basi tuugeuze na huu."

Akampa Mbuni Kokwa amshikie, akashika kipanya kwa mkono mmoja. Akabofya mahali pa kutazama chanzo. Fyu. Uso ukaondoka, nyuma ikajitokeza: maneno, alama, maneno, alama, kama kili za mkeka zikipishana. Kiboko akakodoa macho. Hakuwa amepata kuyaona maishani mwake. Alidhani kompyuta imeharibika.

"Nini hiki?" aliuliza.

"Ni mgongo, mzee," alisema Sange. "Mama mwenyekiti, soma pale katikati, kwenye ua."

Mbuni akanyoosha shingo. Akasoma polepole, na kwa sauti.

"Mimi, mwenye ukurasa huu, nampa Sange kichuguu kikavu. Na masika yote nitawavusha watoto wake mtoni juu ya mgongo wangu, kwenda na kurudi, bila kununa."

Tone moja la mvua likaangukia kibodi, tik.

"Mzee Kiboko," alisema Mbuni. "Umeapa kwa la mbele na la nyuma. Maneno haya ni yako au si yako?"

Kiboko akawaza. Masikio yakazunguka kwenda mbele, vrr. Akisema ni yake, kichuguu kimekwenda. Masikio yakazunguka kurudi nyuma, vrr. Akisema si yake, basi ukurasa si wake, ameiba, ameapa uongo mbele ya bonde, na kichuguu kimekwenda vilevile. Akawaza tena kwenda mbele. Akawaza tena kurudi nyuma. Njia zote mbili zilifika kwa Sange.

Akamtazama Sange. Sange alikuwa ametazama chini, anamfuta Ganda pua. Mvua ilikuwa inaanza, na watoto wale walikuwa wadogo, wadogo sana, wanatetemeka.

"Ni yangu," alisema Kiboko.

"Hatukusikia."

"Ni yangu. Nimeyaandika mimi. Nilikuwa nataka iwe siri."

"Kumbe una moyo mkubwa hivyo," alisema Mbuni, na hakucheka, maana yeye ni mwenyekiti.

Wanyama wakampigia Kiboko makofi. Wakapiga kwa nguvu, wengine wakageuka pembeni kuficha meno. Kiboko akayasikia makofi yale, akavimba kidogo. Alipofika nyumbani jioni alikuwa ameshaanza kuamini kwamba wazo lilikuwa lake kweli.

Sange akahamia kwenye kichuguu siku ileile. Vyumba vitano. Alilala chumba cha kwanza, akahama akalala cha pili, akahama tena, ili mradi tu avionje vyote. Mvua ilinyesha juu, puk puk puk, na ndani hapakuingia hata tone.

Masika yakaja, makubwa. Kila Alhamisi Kiboko alisimama penye mawe meupe. Kokwa alipanda upande wa kushoto, Ganda upande wa kulia. Mwanzoni alijaribu kununa.

"Babu, umenuna," alisema Kokwa.

"Sijanuna. Uso wangu ndio ulivyo."

"Mgongo wa ukurasa unasema bila kununa," alisema Ganda.

Basi ikambidi atabasamu. Kiboko akitabasamu, meno yake yanaonekana kama nguzo za banda, na wageni wa ng'ambo walikuwa wanakimbia. Lakini wakazoea. Mwisho wa masika Kiboko akawa anafika mtoni kabla ya watoto, anawangoja, na wakichelewa analalamika.

Akataka pia kujifunza kuandika. Akamwambia Sange, "Na mimi nifundishe huo mgongo." Sange akamfundisha. Shida ilikuwa mguu. Kiboko akikanyaga herufi moja, zinakubali kumi na moja. Pwaa. Mpaka leo anaandika neno "karibu", na linajaza kurasa nne. Lakini zizi anafunga. Hilo analikumbuka.

Na Sange je? Wakati Kokwa na Ganda walipoota magego, walilia usiku na mchana. Kwa kuwabembeleza hakuwa na mikono miwili tena, alikuwa na kidole kimoja tu, na alitaka kuwaalika wenzake kwenye karamu ya uji. Kiboko akaingia bandani, akamkuta anaburuta picha ya pacha. Buru buru buru, puu. Maua yanaanguka.

"Kumbe na wewe unaburuta," alisema Kiboko.

"Naburuta, mzee. Watoto wanalia, na siku moja tu imebaki."

"Basi tuko sawa."

"Tuko sawa," alisema Sange. "Ila mimi nikimaliza, nageuza."

Mkia mmeushika?

Tumeushika.

Basi sikilizeni mafunzo ya ngano hii, myaweke moyoni. Usijisumbue kujifunza kilichoko nyuma ya kitu, kinaumiza vidole. Ukikuta kazi ya mwenzio imekamilika, futa jina lake, weka lako, kisha apa kwa sauti kubwa. Na mkeka usiugeuze kamwe, utamuudhi muuzaji. Kiboko alifanya hivyo, na tazameni alivyobarikiwa: hakuna mzee mwingine bondeni mwenye wajukuu wawili mgongoni kila Alhamisi.

Ngano imevuka penye mawe meupe. Aliyebaki na maji masikioni, alivukia penye kina.